HOTUBA JUU YA MAJI YA MTO, SAMAKI WAKE, NA JALADA LA KARANI

(Ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mgeta)



Mwandishi wa Chama alipotuletea barua ya kututaka tuseme maneno mbele yenu leo, tulidhani kwanza ya kuwa twatakiwa kunena habari za mishahara na nyumba za makarani, maana hayo ndiyo mambo ambayo mikutano yetu imeyazoea. Lakini barua yenyewe ilitaka tueleze kazi moja iliyopita mikononi mwetu mwaka huu, ambayo wenzetu waweza kupata faida kwayo. Kazi hiyo ipo, nayo ni jalada la mto. Wale waliokuja kusikia habari za mishahara twawaomba radhi. Zamu yao itafika.

Twaomba radhi na kwa jambo la pili. Ndani ya habari hii mna kosa, na kosa hilo ni letu sisi wenyewe. Tungaliweza kuificha, kwa kuwa karatasi zimekwisha kusahihishwa na hapana aliyeshtakiwa. Lakini tumeona ya kwamba makarani wengi wa bara hii watapokea majalada ya namna hii katika miaka ijayo, na ni afadhali wajifunze kwa aibu yetu kuliko kungoja yao.

Hakuna mtu humu asiyeujua mto Mgeta. Huanza juu kabisa, katika uwanda wa Lukwangule penye baridi na ukungu, hushuka kati ya mashamba yetu ya kabichi, karoti na njegere, hunywesha matuta kwa mifereji midogo ambayo babu zetu waliichimba, kisha hutelemka hata nchi ya tambarare ya kusini na mashariki, na mwisho huungana na mto Ruvu. Na Ruvu ndio mto unaowapa watu wa Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yao, kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Basi mtu wa Kariakoo anayenunua karoti zetu sokoni, akaziosha kwa maji ya bomba, yamkini huziosha kwa maji yale yale yaliyozikuza. Twasema haya ili ijulikane ya kuwa mto huu, ijapokuwa huku juu mtu aweza kuuvuka kwa kuruka mawe, si mto wa kijiji kimoja.

Sasa, juu ya umeme wa nguvu za maji. Wako kati yetu wanaodhani ya kuwa umeme wa maji hutaka mto mkubwa. Sivyo. Hutaka vitu viwili, maji na mteremko, na kikipungua kimoja, kingine chaweza kujazia. Mita moja ya ujazo ya maji ni lita 1,000, yaani madebe 50. Madebe hayo 50 yakianguka kila sekunde kutoka kimo cha mita 100, mtambo mzuri hutoa kadiri ya kilowati 800. Kimo kikizidi mara mbili, nguvu nazo huzidi mara mbili, wala haikuongezwa hata debe moja. Ndiyo sababu wenye kutafuta umeme huitazama milima kwa macho ya tamaa, na Uluguru hatuna upungufu wa mteremko; wazee wetu wenye maumivu ya magoti ni mashahidi.

Kazi hufanywa hivi. Juu ya mto hujengwa banio la kuzuia maji. Kutoka banio maji hupelekwa kwa mfereji au kwa njia iliyochimbwa chini ya ardhi, kisha hutumbukizwa katika bomba kubwa linaloshuka hata nyumba ya mitambo. Huko huzungusha gurudumu, halafu hurudishwa mtoni. Mwenye mradi atakuambia, "Maji hayapotei hata tone." Naye asema kweli, kwa mtu anayekaa chini ya nyumba ya mitambo. Lakini kati ya banio na nyumba ile kuna kipande cha mto, pengine cha maili moja, pengine zaidi, ambacho maji yake yamechukuliwa yakapita njia nyingine. Katika kipande hicho mna mawe, mna madimbwi, mna mifereji ya watu, na mna viumbe. Jambo lote la jalada letu ni kipande hicho.

Mtu hawezi kuamka tu akajenga banio. Kwanza ahitaji kibali cha kutumia maji, ambacho kwa upande wetu hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami na Ruvu, yenye ofisi yake Morogoro mjini, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Sheria hiyo yataka maji ya lazima kwa watu, na maji ya kuutunza mto wenyewe na viumbe vyake, yawekwe akiba kabla ya kugawa yaliyobaki. Pili ahitaji cheti cha mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, baada ya kufanywa tathmini ya athari. Tatu ni leseni ya kuzalisha umeme, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Hapa tutie neno moja kwa faida ya makarani wapya. Mtambo usiofika megawati moja umesamehewa leseni hii ya tatu. Wenye miradi midogo wakisikia neno "umesamehewa" huja ofisini na uso wa furaha, kana kwamba wamesamehewa yote. Wamesamehewa leseni ya umeme tu. Maji na mazingira hayakusamehewa.

Tathmini ya athari haifanywi na mwenye mradi mwenyewe. Hufanywa na mshauri wa mazingira aliyeandikishwa kwa kazi hiyo. Yeye hupima maji, hutazama misitu, huhesabu samaki na ndege, huwauliza wenyeji, kisha huandika kitabu, nacho ndicho wakubwa watakachokisoma kabla ya kutia sahihi. Ni kazi ya heshima, nasi tumekutana na washauri waliotembea mto mzima kwa miguu na kulala katika hema za mvua. Lakini iko dosari ambayo haifai kufichwa: mshauri hulipwa na yule yule mwenye mradi. Haraka ya mwenye mradi humwingia mshauri kama baridi imwingiavyo mtu kupitia nguo iliyolowa. Sheria hailizibi tundu hilo peke yake. Hulizibwa na wale wanaokisoma kitabu baada yake, na mmoja wao ni karani.

Haya, tufike kwenye jalada.

Kampuni moja, ambayo hatutaitaja, ilitaka kuweka mtambo mdogo katika kijito kimoja kinachoingia Mgeta. Mshauri wake alifika mwezi wa Septemba pamoja na vijana wawili. Walikaa siku mbili. Mnajua nyote hali ya vijito vyetu mwezi wa Septemba: kiangazi kimekomaa, wakulima wamefungua mifereji yao, na maji yaliyobaki hayafiki magotini. Walipima, wakapiga picha, wakauliza maswali kwa karatasi iliyopigwa chapa, wakaondoka. Baada ya miezi michache kitabu chao kililetwa ofisini kwetu kiwe wazi kwa watu kukisoma, nasi tuandike maoni ya mahali petu. Kilikuwa kitabu kinene, chenye jalada zuri la rangi ya kijani.

Mabwana, hatukukisoma. Tulifungua kurasa za mwanzo, tukaona ramani. Tukafungua kurasa za mwisho, tukaona mihuri. Ilikuwa wiki ya hesabu za mwisho wa robo mwaka, na juu ya meza palikuwa na majalada mengine kumi na saba. Tukaandika barua ya mistari mitatu, ya kwamba kitabu kimepokewa, kiliwekwa wazi kwa siku zilizoamriwa, na maoni hakuna. Ni kweli kililazwa mezani, lakini nani kati ya wakulima wetu atakayeingia ofisini kusoma kurasa mia mbili za Kiingereza? Tuliijua kweli hiyo, na tuliandika vivyo hivyo.

Siku ya tisa baada ya barua kwenda, aliingia mzee mmoja wa ukoo wenye mashamba kando ya kijito kile. Aliketi, akapumzika, akatusalimu kwa urefu kama ilivyo desturi, kisha akasema, "Mpwa wangu, yule kijana aliyekuja na karatasi, maneno yangu aliyaandika?"

Tukamwuliza, "Maneno gani, mjomba?"

Akasema, "Aliniuliza kuna nini huku. Nikamwambia mkunga yuko. Zamani tulimpata mara nyingi, siku hizi si mara kwa mara, na huonekana usiku wa masika mto unapofurika. Nataka kujua kama aliandika."

Tukakichukua kitabu tukatafuta sura ya samaki. Ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Ilisema ya kwamba katika kijito hakuna samaki wenye manufaa. Na nyuma, katika orodha ya viumbe, tuliona majina ambayo yalitutoa jasho: sangara na dagaa. Sangara katika kijito cha Mgeta! Mtoto wa darasa la nne ajua ya kuwa sangara ni samaki wa ziwani, na kwamba Victoria iko mbali na hapa safari ya siku mbili kwa basi. Ilidhihirika ya kuwa ukurasa ule ulinakiliwa kutoka kitabu cha mahali pengine. Mkunga hakutajwa.

Mzee akaendelea kuketi. Tukaona haya kumwambia kwamba maneno yake hayamo, basi tukaendelea kupekua, ukurasa baada ya ukurasa, ndipo tulipoyakuta. Yalikuwa katika sura ya huduma za afya. Yaliandikwa kwa Kiingereza, na maana yake ilikuwa hivi: kwa habari ya wenyeji, kijiji kina mkunga wa kuzalisha wanawake, lakini hapatikani mara kwa mara; huonekana usiku, hasa wakati wa mvua nyingi.

Tulipomfasiria mzee alicheka hata machozi yakamtoka, nasi tukacheka pamoja naye. Lakini alipokwisha kucheka alituuliza swali ambalo hatujalisahau: "Na ninyi mliposoma hapo mlidhani ni mkunga gani anayekuja na mafuriko?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba hatukusoma.

Labda mtu atauliza, samaki mmoja mrefu kama nyoka ana nini hata apewe sura nzima katika kitabu? Tulijiuliza sisi pia, tukatafuta maarifa, na tuliyoyapata yalitustaajabisha kuliko hadithi za shuleni. Mkunga wa mtoni hazaliwi mtoni. Huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, upande wa Madagaska. Mtoto wake huchukuliwa na mikondo ya bahari hata pwani ya Afrika ya Mashariki, naye wakati huo ni mwembamba na mwangavu kama kioo. Hapo huingia katika midomo ya mito na kuanza kupanda. Hupanda mito inayomwaga maji yake katika bahari ile, akapita mamba na viboko, na akikuta mwamba huweza kuupanda, maadamu mwamba umelowa maji. Hukaa katika maji baridi miaka mingi akikua taratibu. Kisha siku moja tabia yake hubadilika, macho yake huwa makubwa, tumbo lake hung'aa kama fedha, hungoja usiku wa giza na mafuriko, akashuka na mto kurudi baharini alikozaliwa, akazaa mara moja tu, akafa huko.

Sasa tazameni pamoja nasi banio na kipande kile cha mto. Mkunga mdogo anayepanda hashindwi sana na ukuta kama anavyoshindwa na ukavu. Kipande kikiachwa bila maji njia yake imekwisha. Na yule mkubwa anayeshuka hufuata maji mengi; nayo maji mengi, banio likiisha kujengwa, hayaendi mtoni tena bali bombani. Mwili wake mrefu huingia katika gurudumu, na gurudumu halimwulizi ametoka wapi. Kwa hiyo akiuawa mmoja, aliuawa kabla ya kuzaa, baada ya miaka yote ile ya kukua.

Wala dawa haikukosekana. Mbele ya bomba huwekwa wavu wa vyuma vilivyokaribiana, na mlango wa maji hupanuliwa ili maji yaingie polepole, samaki asibanwe juu ya wavu. Kando ya ukuta hujengwa njia ya mteremko yenye maji kidogo na vitu vya kushikia kama nywele za brashi, mkunga mdogo apande. Huko Nyuzilandi watu huwakamata mikunga wadogo chini ya mabwawa, wakawachukua kwa gari na kuwamwaga juu yake. Pengine mitambo hufungwa usiku mchache wa mafuriko, wanaposhuka. Na juu ya yote, maji huachwa yapite katika kile kipande, kiasi kilichopimwa na kuandikwa katika kibali, kiangazi na masika. Gharama ya vitu hivi si kubwa vikiwa bado ni mistari katika ramani ya fundi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na tangu jalada hili tumeipata maana ya methali hiyo kwa njia nyingine kabisa. Ukuta ukiisha kukauka, nani atakayeupasua kwa ajili ya mkunga?

Tusidhani haya ni mambo ya vijito tu, au ya watu wasio na elimu. Katika mkoa wetu huu wa Morogoro, upande wa milima ya Udzungwa, uko mtambo wa Kihansi wa megawati 180. Maji yake huanguka kadiri ya mita 850, na mita moja ya ujazo kwa sekunde mahali pale yatoa karibu megawati 7, basi fahamuni ni uchungu gani kuacha maji yapite bure. Ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza wakati wachunguzi walipoingia katika lile korongo lenye maporomoko, na mwaka 1996 wakakuta chura mdogo wa manjano, asiyefika urefu wa sentimita 3. Chura yule huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai, na aliishi katika majani yaliyolowa rasharasha za maporomoko, eneo la hektari chache tu, wala hakujulikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1999 alipewa jina lake la kitaalamu. Mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda bombani, rasharasha zikakatika.

Yaliyofuata ni marefu, tutayapita kwa upesi. Mwaka ule ule wa 2000 vyura 499 walichukuliwa kwa ndege hata bustani ya wanyama ya Bronx katika mji wa New York, ili mbegu isipotee. Korongoni palitandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, kuiga mvuke uliokuwapo bila gharama tangu milima ilipoumbwa. Vyura wakaongezeka kwa muda, halafu katika mwaka 2003 walikufa ghafula. Ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulikutwa katika mizoga, na wataalamu walibishana juu ya sababu, kama ni ugonjwa peke yake au ni mambo mengi yaliyokutana. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka katika makao yake ya asili. Kuanzia mwaka 2012 wale waliozaliwa ng'ambo wakaanza kurudishwa korongoni. Hebu fikirini: chura wa Tanzania akarudi kwao kwa ndege, kama mwanafunzi aliyepelekwa kusoma Ulaya.

Sisi hatusemi kwamba Kihansi isingalijengwa. Umeme wake umewasha taa za nchi hii zaidi ya miaka ishirini, na taa hizi zinazotuangazia leo huenda zina sehemu yake. Twasema ya kuwa uchunguzi ulikuja nyuma ya katapila. Kama wachunguzi wangalitangulia, kiasi cha maji ya kuacha kingalijadiliwa kabla ya fedha kukopwa na mitambo kuagizwa. Walipokuja nyuma, kila debe la maji waliloliomba lilikuwa ni kumnyang'anya mtu kitu alichokwisha kukihesabu kuwa chake.

Hata Marekani, nchi yenye wanasheria wengi kuliko sisi wenye makarani, walikosa vivyo hivyo. Katika jimbo la Washington mto Elwha ulizibwa kwa bwawa lililomalizika mwaka 1913, bila njia ya samaki, ingawa sheria ya jimbo ilikwisha kuamuru njia hiyo iwepo. Mwenye bwawa aliruhusiwa kujenga kituo cha kuangulia samaki badala yake, na kituo hicho kiliachwa mwaka 1922. Samaki aina ya samoni, ambao huenda kinyume cha mkunga, maana wao huzaliwa mtoni na kukua baharini, walikuta ukuta maili tano tu kutoka pwani. Hivyo kwa karibu miaka mia. Bwawa hilo na jingine lililokuwa juu yake yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014. Tulipoisoma habari hii, sisi kwa tabia yetu ya ukarani tulijiuliza: ni mkono wa nani ulioandika barua ya kwanza, ya kusema kituo chaweza kuwekwa badala ya njia? Yamkini ilikuwa mistari mitatu.

Turudi kwetu. Barua yetu ilikuwa imekwisha kwenda. Kuna watu wanaosema barua ya serikali haifutwi. Siku mbili hatukulala vizuri. Mkubwa wetu alikuwa ameitia sahihi kwa kututegemea sisi, na kumwendea kusema kwamba tulimtilisha sahihi juu ya kitu tusichokisoma si jambo jepesi kwa mtu mwenye miaka kumi na miwili kazini, anayetazamia kupandishwa daraja. Tulikwenda. Alikasirika, nasi twakiri alikuwa na haki. Kisha akanyamaza, akasoma mwenyewe ukurasa wa sangara na ukurasa wa mkunga, akasema, "Andika nyingine."

Tukaandika nyingine. Ilikuwa na kurasa nne. Ya kwanza ilikiri ya kuwa barua iliyotangulia iliandikwa bila kitabu kusomwa. Zilizofuata zilionyesha kurasa zenye makosa kwa namba zake, na kutaja ya kwamba maji yalipimwa siku mbili tu za kiangazi. Ya kwamba wakulima wenye mifereji katika kile kipande hawakuhesabiwa. Na ya kwamba wenyeji wana habari za samaki anayepanda wakati wa masika, ambaye uchunguzi haukumtafuta. Hatukuandika ya kwamba mradi ukataliwe. Karani hana mamlaka hayo, wala sisi hatukuyataka. Jibu lilichukua wiki sita, wiki ndefu sana nyumbani kwetu. Likasema kitabu kirudishwe, uchunguzi ufanywe tena, nao uchukue mwaka mzima.

Twajua wako humu waliochukia. Wametuambia njiani, na mmoja alituambia msikitini. Wasema, "Ninyi mmetuchelewesha umeme kwa ajili ya nyoka wa majini." Fundi wa kuchomelea ambaye hununua mafuta ya jenereta kwa bei ya kulia, muuguzi anayemulikia mama mwenye uchungu kwa tochi ya simu, hao wana haki ya kutuuliza, na hatuna jibu la kuwafurahisha. Mwaka mmoja kwao ni mwaka kweli. Twaweza kusema hili tu: kipimo cha Septemba hakimdanganyi samaki peke yake. Fundi anayechagua ukubwa wa gurudumu kwa kipimo cha siku mbili aweza kuchagua gurudumu ambalo kiangazi litasimama kwa kukosa maji na masika litazidiwa, na wakulima wenye mifereji nao watakuja na majembe wakidai maji yao. Muuguzi yule atarudi kwenye tochi yake, na mara hii akiwa na deni la nguzo.

Uchunguzi wa pili ulianza mwezi wa Novemba, na mvua za vuli. Kampuni ile ile, lakini imemleta bibi mmoja mtaalamu wa samaki, ambaye siku ya kwanza hakuuliza ofisi iko wapi. Aliuliza nyumba ya yule mzee. Ametega migono katika madimbwi saba. Mpaka sasa amepata samaki wadogo wanaoshikamana na mawe, jamaa za kambale wa milimani, ambao kitabu cha kwanza hakikuwaona ingawa watoto wetu huwachezea. Mkunga hajaonekana. Mzee asema haonekani vuli, na bibi yule ameandika hivyo, katika sura ya samaki.

Pamoja na hayo wamesimamisha kijiti cha kupimia kimo cha maji karibu na kivuko cha chini, chenye namba nyeupe na nyekundu. Lazima kisomwe kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, hata mwezi wa Oktoba ujao, siku za Jumapili na sikukuu zikiwamo, na namba ziandikwe katika daftari. Vijana wawili wa kijiji walipewa kazi hiyo, lakini mmoja amekwenda Morogoro kutafuta kazi ya dukani, na daftari lina nafasi tupu za siku nne. Nafasi tupu katika daftari, ninyi nyote mwajua thamani yake. Kwa hiyo tumekubali kushika zamu zake sisi na karani wa ghala la mboga, naye bibi mtaalamu ametuonyesha jinsi ya kusoma maji yakiwa na mawimbi: hutazamwa juu, hutazamwa chini, huandikwa ya katikati. Wahitajiwa wengine watatu. Daftari la majina liko mbele kwa Mwandishi wa Chama, na malipo, kabla hamjauliza, hayapo.

Bwana Mwenye Kiti, maswali tutayajibu kwa furaha, ila yawe machache, maana zamu ya kesho alfajiri ni yetu, na kutoka hapa hata kivukoni ni mwendo wa saa moja na nusu.